Dole la Mzee Kisyeri

Machochwe, 3 Februari 1959

Mdogo wangu Stanslaus,

Hujambo na joto la Dar es Salaam? Sisi wazima, ila mafua.

Bwana Nyama, mzungu wa idara ya wanyama, amepigilia vigingi vyeupe. Boma letu limeangukia ndani ya mbuga ya wanyama. Kuhama naweza, lakini mwanangu Gati amelala kaburini nyuma ya ghala la ulezi, hata mwaka haujaisha. Unakumbuka alivyopuliza kiazi cha moto mpaka kikapoa, kisha akampa mbuzi?

Wewe ni tarishi wa Baraza la Kutunga Sheria. Waombe mpaka wa mbuga upite kijitoni, kaburi libaki nje. Ni hatua mia mbili tu.

Dada yako, Felista

Dar es Salaam, 14 Februari 1959

Dada Felista,

Shikamoo. Pole na mafua.

Mimi hubeba chai na majalada, sina ruhusa ya kusema. Lakini mjumbe mmoja amekubali kuwasomea wenzake barua ya wazee, ikiwa na alama za madole gumba ya wazee kumi. Ifike kabla ya tarehe 11 Machi, siku ya kupitisha sheria ya mpaka. Dada, fanya haraka.

Mdogo wako, Stanslaus

Machochwe, 27 Februari 1959

Mdogo wangu,

Salamu. Mafua yamepona, usingizi ndio sina.

Barua ameiandika katekista Rubeni. Wazee tisa wapo, lakini hakuna anayetia dole kabla ya Mzee Kisyeri, mkubwa wao kwa rika. Naye yuko msibani Gorong'a. Nimemtumia mtu.

Mzee Matiko aliniambia, "Binti, nimruke Kisyeri? Kesho watoto wataniruka mimi wakigawa nyama!"

Nikasema, "Baba, nyumbu watamkanyaga Gati."

Akajibu, "Tutalia wote, mama. Lakini kwa zamu."

Dada yako

Dar es Salaam, 12 Machi 1959

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Barua haikufika. Jana nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Msimamizi wa kikao aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu mpaka. Yule mjumbe akanitazama. Nikatikisa kichwa. Wakapitisha, wakaingia kwenye jambo la bandari. Chai ilikuwa bado ya moto.

Nisamehe.

Stanslaus

Machochwe, 30 Machi 1959

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima. Kula vizuri, usijilaumu.

Mzee Kisyeri alirudi tarehe 13. Alitia dole, wengine wakafuata kwa utaratibu mzuri kabisa. Barua yako ilikuwa haijafika, hivyo nilidhani labda kikao kimeahirishwa, nikangoja gari la posta kwa furaha siku nane. Karatasi yao nimeitia humu, sina pengine pa kuipeleka.

Tunahama Jumatatu ijayo. Mzee Matiko anafungua fito za paa langu, hasemi kitu. Askari wa wanyama wanasema hakuna kurudi bila kibali. Leo nimefagia pale alipolala Gati, nikapafagia tena.

Utukumbuke, mimi na Gati.

Dada yako, Felista