Binti Anayenitunzia Shamba

Mpui, 14 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini goti linaendelea vizuri tangu Flavian akuchukue kwenda Dodoma kwa matibabu. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututafuna. Simu yako haipatikani, na ya Flavian mume wangu anapokea katibu wake: kila siku mheshimiwa mbunge yuko kikaoni. Basi nimeshika kalamu. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, pamoja na unga wa ulezi. Najua sembe ya dukani haikushibishi.

Kuna maneno yanazunguka hapa kijijini kwamba mheshimiwa ana mwanamke huko. Mama, wewe unalala nyumba hiyo hiyo. Niambie tu ukweli. Kama ni uongo, niwafunge watu midomo.

Mwanao, Rozina


Dodoma, 2 Mei 2024

Mwanangu Rozina,

Marahaba mama, hujambo? Goti afadhali. Unga umefika, nimekula hadi machozi yakanitoka. Simu iliingia maji, Flavian anasema ataipeleka kwa fundi.

Hayo maneno achana nayo. Uchaguzi ni mwakani, mbunge hakosi wa kumchafua. Mimi niliyekuja mwenyewe Namanyere kukuposa, nikudanganye? Mumeo ni kazi tu zimemzidi. Nitumie unga mwingine, ule umeisha upesi. Hapa wageni ni wengi.

Mama yako, Bertilla


Mpui, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Goti sikuulizi, nimeliona. Unatembea vizuri kabisa.

Leo baada ya misa tulijaa dukani kwa Lazaro, maana ilitangazwa kwamba televisheni itamtembelea mheshimiwa nyumbani kwake. Mimi mjinga nikawaambia watu wanipishe mbele, mume wangu anatokea. Akatokea na mwanamke anayeitwa Sophia, pete kidoleni. Sophia akasonga ugali wa ulezi, akasema amefundishwa na mama mkwe. Unga ule nimeutwanga mimi, Mama.

Mtangazaji akauliza kuhusu mwanamke wa Mpui. Flavian akacheka, akakutazama wewe. Nawe ukasema, bila hata kumeza mate: “Yule ni binti anayenitunzia shamba. Mkwe wangu ni huyu.” Lazaro akazima televisheni mwenyewe. Watu wakatoka mmoja mmoja wakitazama chini, na bora wangenicheka.

Flavian ameniumiza, lakini kwa Flavian nilishaanza kujiandaa. Kwako sikujiandaa. Mtoto wangu alipofariki, wewe ndiye uliyelala nami kwenye mkeka mpaka nikaanza kula. Uliniita mwanangu mbele ya kaburi lile. Sasa nijibu: mimi ni nani kwako?

Rozina


Dodoma, 20 Septemba 2024

Mwanangu Rozina,

Hujambo mama? Baridi imeisha huko? Nimechelewa kujibu, mambo yalikuwa mengi.

Ningesema nini mbele ya kamera? Flavian alinipanga cha kusema. Nikisema vingine yeye anakosa ubunge, mimi nakosa matibabu. Nakula kwake, nalala kwake. Yale yalikuwa maneno ya televisheni tu, hayakukupunguzia kitu.

Sasa mama yake Sophia amehamia hapa, chumba changu kapewa yeye. Mimi nalala stoo na magunia. Nimewaambia nataka kwetu. Jumamosi ijayo nashuka hapo Mpui, njoo unipokee kituoni, mzigo siuwezi. Nina hamu na ugali wa mkono wako. Tutakaa kama zamani, mimi na wewe.

Mama yako, Bertilla


Mpui, 27 Septemba 2024

Mama Flavian, shikamoo.

Pole na safari. Kituoni atakupokea jirani yetu Agnesi, yeye ndiye mwenye barua hii na funguo. Mavuno yote yako kwenye kihenge, sikugusa. Kuni nimepasua za kutosha. Usipande ngazi ya kihenge mwenyewe na goti hilo, mwambie Agnesi akuteremshie.

Juu ya meko utakuta patupu. Yale masuke ya mbegu ninayoyaning'iniza kwenye moshi nimeyachukua. Siku uliyonileta kwako nilikuja na mbegu ya mama yangu nimeifunga kwenye kitenge, ukanicheka, ukasema kwani huku hakuna ulezi? Wa kwenu uliota ukungu kihengeni mwaka ule ule. Ulezi wote uliokula tangu hapo, hata ule aliousonga Sophia, ni wa mbegu hiyo. Kaka yangu amenipa kipande cha shamba Namanyere. Mvua zikianza nitaimwaga huko.

Swali langu la mwezi wa sita hukulijibu. Usihangaike nalo. Nililia sana, sasa nimenyamaza.

Shamba lako nimelitunza. Binti wa kazi akiondoka huaga, nami nimekuaga.

Rozina wa Namanyere