Blanketi la Mair Limekwenda kwa Nyanya

Shoga, umesikia alichofanya Idris wa Mair? Hata siamini!

Kaota jua siku mbili tatu za Aprili, huyoo, kahamishia miche ya nyanya kwenye banda la vioo. Banda lenyewe halina hita! Mair akamwambia, "Baba watoto, ngoja Mei, jalidi bado ipo, baridi ya usiku itagandisha na kuunguza majani." Wapi!

Leo alfajiri Mair kaamka anatetemeka. Blanketi hakuna, mume hakuna. Kamkuta bandani, nyanya kazifunika BLANKETI LAO!

"Na mimi je?"

"Mpenzi, wewe huna majani ya kuungua."

Majani ya kuungua, shoga!!

Mair alitaka kununa, kicheko kikamshinda.

Nyanya zote zimepona. Idris ndiye kalala anapiga chafya, na blanketi bado limelowa umande.