Dubu Huanzia Tumboni

Mama,

Leo ni Jumamosi, alasiri, na nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo iliyokuwa salamu yetu mwaka ule mzima. Wewe unauliza, "Umeshindaje, mwari?" Nami najibu, "Nimechoka, Mama," kabla hata sijavua viatu. Nilidhani ukishaondoka nitapumzika. Wiki ile ya mazishi watu walipotawanyika nililala kutwa nzima, nikaamka nimechoka vilevile.

Habari za hapa Ishiara ni nzuri kiasi. Ndengu zimekubali mwaka huu. Kaka Njiru alikuja kutoka Meru akaziba paa la jikoni, pale palipokuwa pakivuja karibu na godoro lako la mchana. Sasa hapavuji, na hakuna anayelala pale. Leso zako tumegawana na shangazi. Bega langu la kulia, lile la kukugeuza kitandani, bado linauma, na nikiinua mkono kusuka nywele linanikumbusha.

Kwenye mazishi akina mama wa kanisa walisimama mmoja mmoja wakasema Wanja amemtunza mama yake, Wanja ni mfano. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Hawakujua habari ya dubu. Hiyo tuliijua wewe na mimi peke yetu, na sasa nimebaki nayo mimi.

Unakumbuka ilivyoanza. Stroki ilikuwa imeulaza upande wako wa kulia, na yule daktari wa mazoezi kule Embu akasema vidole visiachwe vilale, vipewe kazi, hata kama ni kuchora miduara. Mimi mwalimu wa chekechea nijue miduara gani zaidi ya dubu? Ndiye ninayemchora kila mwaka kwenye chati ya gunia, silabi ya "du". Nikaizungushia penseli kitambaa ili inenepe uweze kuishika, nikakufundisha kama ninavyowafundisha watoto: kichwa kwanza, duara kubwa. Masikio mawili juu. Duara dogo la mdomo, pua kama haragwe, macho nukta mbili. Halafu tumbo, mikono, miguu. Watoto huwa nawaambia anayejua umbo la chapati anajua kuchora dubu.

Ulimtazama sana. Ukaniuliza anaishi wapi, nikasema kwa wazungu, kwenye baridi. Ukasema, na mdomo wako ule uliokuwa umeenda upande, "Ndiyo maana hajavua koti." Kisha ukalitazama tumbo. "Huyu amekula pesa za harambee ya nani?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sijui kama nilicheka tena hivyo mwaka ule.

Lakini hukutaka kuanza na kichwa. Kila nikikupa karatasi, penseli yako ilishuka chini kabisa, ikaanza na tumbo. Nikikurudisha juu, unashuka. Wewe miaka yote umesuka vyondo, vikapu vyako vya kamba, na kiondo huanzia kitakoni, kamba zinapishana chini, halafu unazunguka ukipanda. Uliniambia, "Kitu huanza chini, mwari. Hicho kichwa ukikitundika huko juu, kitakalia nini?" Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani, na wewe hukuwahi kuingia darasani hata siku moja.

Halafu ile Alhamisi. Wewe unaijua lakini acha niiseme, sijawahi kuisema. Nilikuwa nimefua shuka zako asubuhi kabla ya kwenda shule, nikarudi nikakuta zimelowa tena, na maji ya tangi yameisha. Uji nao ukaungua nikikutafutia nguo kavu. Nikakuta umejichorea duara lako pale chini ya karatasi, linatetemeka, ulikuwa unakaribia kulifunga. Ulikuwa unanionyesha. Ulikuwa umefurahi, Mama, mimi niliona kwamba umefurahi.

Nikakunyang'anya penseli. Nikachukua raba nikalifuta lile duara, lote, mpaka karatasi ikachanika. Nikasema, "Hata watoto wangu wa PP1 wanajua ni kichwa kwanza. Wewe unashindwa wapi?"

Hukukasirika. Ningependa ungekasirika. Ulisema, "Nimesikia, mwalimu." Hukusema mwari, hukuniita binti yako. Ukauingiza mkono chini ya leso, na kesho yake nilipokuletea penseli ukasema mkono umechoka. Nami nilikuwa nimechoka pia, kwa hiyo nikaona afadhali, kazi moja imepungua. Sikukuomba msamaha. Kila siku nilisema kesho. Hatukufika miezi miwili, ukaondoka.

Baada ya kukuzika nilipekua. Nilitazama chini ya godoro, ndani ya Biblia, ndani ya kiondo chako ambacho hukukimaliza. Nilitaka nikute hata duara moja ulilochora kwa siri, ili nijue hukuacha kwa ajili yangu. Sikukuta kitu. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi bado niko hapo sakafuni na kitambaa.

Sasa nikwambie ya Jumanne, maana ndiyo iliyoniketisha kuandika. Unajua tangu nianze kufundisha, dubu wa watoto wangu hawana miguu. Wanaanza na kichwa, kichwa kinajaa karatasi, halafu ninasikia, "Ticha, karatasi imeisha." Nilikuwa nawaambia wachore kichwa kidogo, lakini mtoto wa miaka minne hana habari na kidogo. Jumanne bega liliniuma sana. Nikasimama mbele ya ubao nikashindwa kuinua mkono. Basi nikaanzia pale mkono ulipofika, chini, na tumbo. Miguu nikaiweka hapo hapo. Kisha kichwa, mkono ukipanda polepole, na cha mwisho masikio.

Watoto wakafuata. Nilipopita kati ya meza, kila dubu alikuwa ameketi. Wengine vichwa vimekuwa vidogo kama ndengu, wengine wana sikio moja, lakini wote wameketi, wana miguu, wana kitu cha kukalia. Nilikwenda nyuma ya darasa, karibu na tangi la shule, nikalia mpaka kengele ikalia.

Na hapo ningeishia, ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini Mwalimu Kaari wa PP2, darasa linalofuata langu, aliingia akaona zile karatasi nimezibandika ukutani. Akasema, "Wanja, hii njia umeitoa wapi? Wangu wote wanachora vichwa tu." Nami nikajibu, "Kwa semina." Ilitoka hivyohivyo, rahisi. Sijui nilikuonea aibu wewe au nilijionea aibu mimi. Nadhani niliogopa kwamba nikikutaja, nitalazimika kuitaja na ile Alhamisi.

Jumatatu nitakwenda kwa Kaari kabla ya gwaride la asubuhi. Nitamwambia hakukuwa na semina. Nitamwambia njia hii ni ya mama yangu, msusi wa vyondo, ambaye alinifundisha nikakataa, na nitamwambia nilichokufanyia. Akinitazama vibaya, atakuwa na haki.

Mama, pumzika. Nisamehe, ingawa najua siwezi kusikia ukinijibu. Alhamisi ile nilikufuta kwa raba. Jumanne nikakufuta kwa mdomo. Haitafika mara ya tatu.

Ni mimi mwari wako,
Wanja