Ndama wa Wakili

Jumapili, 4 Juni 1989

Nimetoka misa na furaha yangu, ikaishia uani kwangu. Wakili Protase! Katoka Bukoba kwa gari la kuazima, anataka malipo yake ya kesi ya kibanja, shamba langu la migomba. Nikamfungulia ndama wa ng'ombe wangu Kagaju, aliyezaliwa Pasaka. Dume safi. Akamzunguka mara mbili kama yuko mnadani.

Eti tulikubaliana ng'ombe jike! "Mama Placida, huyu nimkamue nini?" Anamtaka Kagaju mwenyewe, la sivyo tukutane baraza la kata.

Mimi nilisema: atakachozaa Kagaju ni chako. Kuandika, hatukuandika. Mtu umemkaribisha, umempa kahawa ya kutafuna, kaipokea kwa mikono miwili – halafu umletee karatasi? Si umemtukana!

Ee Mama Maria, na maziwa ya wajukuu?

Jumanne, 6 Juni

Nimekwenda kwa katekista Telesfori, yeye alikuwepo siku ile ya makubaliano. Kahawa anaikumbuka. Rubisi, pombe yangu ya ndizi, anaikumbuka, hata utamu wake. Habari ya ndama – hana. Nimemsamehe. Nusu.

Dada Renatha kanicheka. "Unahangaika nini? Kwenye baraza sema hakuna karatasi, hakuna deni. Basi!"

Kweli kabisa. Nimepalilia migomba nikiimba.

Ijumaa, 9 Juni

Nilijua kuna jambo pale shemeji Rwegoshora aliponisalimia. Tangu anishitaki akitaka kibanja changu, miaka mitatu, hajanisalimia! Leo anatabasamu mpaka magego. Kasikia nitasema maneno ya mdomo si kitu. "Sema hivyohivyo, shemeji, usipunguze. Nitakaa mbele."

Jembe likanidondoka. Mimi kibanja nilipewa na baba mkwe kwa mdomo! Kwa kahawa, mbele ya watu, bila karatasi. Ndivyo nilivyoshinda. Wakili Protase alisimama saa nzima kumweleza hakimu kwamba neno la namna hiyo ni mkataba kamili. Na rufaa ya Rwegoshora bado haijasikilizwa.

Nikimkana wakili, najikana mwenyewe. Nisipomkana, Kagaju huyoo, Bukoba. Rozari nimesali mara mbili, jibu sijapata.

Jumatano, 14 Juni

Baraza la kata. Mwenyekiti kamuuliza wakili: mlikubaliana nini, na ushahidi uko wapi? Wakili akafungua mdomo. Akamwona Rwegoshora mstari wa mbele, daftari gotini, kalamu tayari. Akaufunga. Akaomba maji.

Nikaulizwa mimi. Nikakohoa. Wakili naye akakohoa. Sijawahi kuona mtu na mdai wake wakielewana hivyo!

Mwenyekiti kachoka, katutoa nje. "Nendeni mkapone kwanza."

Hapa nje wakili kawa mpole kama mwali. Ananinong'oneza: mama, tukigombania neno la mdomo mle ndani, yule anaandika kila kitu, atakwenda nalo kwenye rufaa. Wewe unapoteza kibanja, mimi napoteza jina. Basi atamchukua dume. Kagaju abaki. Na rufaa atanisimamia bure.

"Bure kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama."

"Haya, andika."

Kanitazama kama nimemtemea mate. Eti, mama, huniamini? Mimi niliyetafuna kahawa yako? Nikasema nakuamini sana. Andika.

Sasa anapapasa mifuko ya koti. Anasema kalamu kaisahau Bukoba. Mwenyekiti ameshatuita mara mbili. Mimi nimekaa kwenye benchi, naandika haya polepole. Nimemwambia asiwe na haraka – nikifika mwisho wa mstari huu nampa kalamu yangu, na ukurasa huu aandikie.