Picha ya kichwa ya Ketsia

Conso, uko? Tumetoka sasa hivi kwa daktari.

Ile IRM, picha ya kichwa ya Ketsia, imetoka. Daktari akatuonyesha picha ya ubongo kwa kompyuta yake. Upande wa kushoto ni mukubwa kuliko mwenzake. Mukubwa, Conso! Hata mi sijasoma udaktari nimeona. Anasema mutoto alizaliwa hivyo, na kifafa inatokea pale.

Mama mukwe akanigeukia: "We ulikunywa dawa gani na mimba?" Mbele ya daktari! Daktari akamwambia, "Mama, hakuna mutu amesababisha hii." Na Landry, bwana yangu, anaangalia simu yake.

Nikauliza kama tubadilishe dawa tena. Daktari akasema dawa zimeshindwa, inabaki operesheni ya kutenganisha ule upande mugonjwa, na ni lazima tutoke inchi. Nikauliza, "Wakimupasua, atanijua?"

"Atakujua. Mukono wa kuume utakuwa zaifu. Lakini mukikawia, upande mubaya utaharibu na ule muzuri."

Utaharibu na ule muzuri. Hiyo neno haiishi kwa masikio yangu.

Tulipofika inje, ndipo Landry akafungua kinywa: "Tungoje kwanza. Mama amesema ataomba." Ketsia akaanza kukakamaa pale pale mukononi mwangu, macho yamegeuka. Landry akasema, "Si unaona inapita yenyewe?"

Conso, mi sirudi nyumbani Kanyosha leo. Niko kwa taxi, mutoto amelala kwa mapaja yangu. Nifungulie mulango.