Nishani Isiyo na Namba

Tianjin, Novemba, mabomba ya joto bado hayajafunguliwa

Dada yangu Yunzhi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakufikia wewe na shemeji mkiwa wazima, na kwamba Baba anakula, analala, na bado anawagombeza watangazaji wa taarifa ya habari kana kwamba wanamsikia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Peizhen anakusalimu sana. Goti lake limetulia tangu aache kucheza ngoma za jioni pale uwanjani, ingawa yeye anadai ni dawa ndiyo iliyolituliza. Mimi ni yuleyule. Tumbo limeongezeka, nywele zimepungua, kwa hiyo ukinipima kwenye mizani hutaona tofauti.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yenu ya Chengdu mnaiweka katikati ya meza, sauti yote nje, Baba ameegemea na bakuli lake la pilipili anasikiliza kila neno. Haya ninayokuletea hayafai kusikika hivyo. Tafadhali isome kwanza peke yako, na uwe umekaa.

Unaujua ugonjwa wangu wa nishani. Wanaume wengine wa rika langu hufuga ndege, wengine hutafuta vimada. Mimi naenda gulioni kununua vipande vya fedha na shaba vilivyowahi kuning'inia kwenye vifua vya watu waliokwisha kufa. Nina za maofisa wa mwisho wa wafalme, zenye joka. Nina za mabwana posta na za watu wa reli. Na ninazo za wanajeshi, nyingi kuliko zote. Kijiweni kwetu, pale kwenye nyumba ya chai tunapokutana Jumapili, wenzangu wameniita Mhisani, kwa sababu wanasema bila mimi viwanda vya nishani feki vingekwisha kufungwa na wafanyakazi wake wangelala njaa.

Basi mwezi wa tisa, Fan, yule muuzaji wa vitu vya kale mwenye jino la dhahabu, aliniita pembeni akaniambia ameleta mzigo kutoka kichochoro chetu cha zamani. Ulikuwa mzigo wa Bi Xing. Unamkumbuka, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa akikufukuza na ufagio kwa wizi wa tende alizoanika? Amepelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mkwe wake akauza kila kitu mpaka vifuniko vya sufuria. Nikaliona lile kopo lake la vifungo, lililokuwa la keki za sikukuu ya mwezi mpevu, lenye picha ya sungura aliyechubuka sikio. Nikalinunua kwa mapenzi tu. Nilipofika nyumbani nikalimwaga mezani, na chini kabisa ya vifungo kulikuwa na kipande cha kitambaa cha buluu kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Ndani yake nishani.

Ni nyota ya fedha ya jeshi la serikali iliyotangulia, ile waliyopewa waliopigana na Wajapani. Upande wa mbele rangi zake za kioo, buluu na nyeupe, zilikuwa nzima kama zimetoka kuchomwa jana. Nikaigeuza nitafute namba. Kila nishani ya aina hii ilipigwa namba mgongoni, na ukiwa na namba, orodha zilizochapishwa zinakupa jina la mtu na kikosi chake. Namba haikuwepo. Mgongo ulikuwa laini kama pipi iliyomung'unywa.

Kijiweni walifurahi kama wako harusini. Mwalimu Geng, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, aliniuliza kama nimeanza tena kuwalipia karo watoto wa waghushi. Akanifundisha upya, taratibu, kama mwanafunzi wa kukaa nyuma, kwamba nishani halali huchakaa mbele, panapopigwa brashi na kusuguana na dunia. Ikiwa mbele ni mpya na nyuma hakuna namba, ujue mtu ameiondoa namba ili usimkamate. Nami nilikuwa nimekwisha kukubali. Ni Luan tu hakucheka. Unamjua Luan, alichonga vyuma kiwandani maisha yake yote. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema tupa huacha mistari, mashine huacha usawa, na hapa hakuna mistari wala usawa. Pamebonyea kama bonde dogo, limeinamia upande mmoja.

Kisha akasema kwamba namba iliyopigwa kwa nyundo huumiza chuma hadi ndani. Uso ukifutika, jeraha hubaki chini. Kwa tindikali anaweza kuliamsha, likaonekana kwa muda mfupi wa kutosha kusomwa. Ila ule ulaini wote utaliwa na hautarudi. Nikamwambia nitafikiri. Geng akasema kufikiri si kazi niliyozoea, nisije nikaumia.

Sasa Dada, unisikilize bila kucheka, ingawa hapo mwanzo mimi nilicheka. Niliiweka kwenye sinia pamoja na wenzake, chumba cha nyuma. Unajua kile chumba kilivyo baridi kabla ya mabomba kufunguliwa. Kila asubuhi nikizipangusa, zote ni barafu, ila hiyo moja ni ya uvuguvugu, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu sasa hivi. Nikasema labda ni jua. Chumba hicho jua halikifikii. Halafu ikaanza sauti. Mchana mweupe, nikiwa nasoma gazeti, nasikia kitu kinasuguliwa juu ya nguo nene, polepole, kinaacha, kinaanza tena. Na harufu ya kafuri.

Nilinyamaza, nikidhani ni uzee umeanzia kwenye masikio. Lakini siku moja Peizhen alitoka jikoni na unga mikononi akaniuliza ni nani niliyemkaribisha chumba cha nyuma bila kumpa chai. Unamjua Peizhen. Alikuwa muuguzi, amekesha na maiti akila karanga. Tulikwenda pamoja kutazama. Hapakuwa na mtu. Kiti cha marehemu Bibi, kile nilichokataa kukitupa, kilikuwa kimegeuzwa kuelekea lile sinia.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Niliichukua ile nishani nikaweka kidole gumba mgongoni mwake. Cha kulia hakikukaa. Nikaweka cha kushoto, kikazama kwenye lile bonde kana kwamba limechongwa kwa ajili yake.

Dada, katika nyumba yetu ni nani aliyetumia mkono wa kushoto?

Najua unauona mkono wake sasa. Ule uliokuwa chini ya meza wakati wa kula, ukiwa umeingia ubavuni, ndani ya koti lake la buluu la pamba lililonuka kafuri, akisugua, akisugua. Mama alidhani ni chawa. Baadaye akadhani ni uvimbe, akampeleka hospitali, na Bibi akakataa katakata kuvua koti mbele ya daktari. Sisi tulisema anahesabu mbavu zake kuona kama zimetimia. Wewe ndiye uliyemuuliza siku moja anafanya nini, naye akakujibu huku anacheka, "Namsalimu mtu." Tukalifanya neno la mchezo. Tulijikuna, tukasema tunamsalimu mtu.

Nilikwenda kumwona Bi Xing keshoye, nikiwa na mapeasi na ile nishani. Yuko kitandani, macho yamefifia, ulimi haujafifia hata kidogo. Alinishika mkono akasema mimi, kijana wa ukoo wa Shang, nimeumuka kama andazi la mvuke. Akaniuliza kama wewe bado ni mwizi wa tende. Nikamwekea ile nishani kiganjani. Akaifunika kwa vidole vyake, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo amehamia kwako?"

Akanieleza kwamba kwa miaka mingi baada ya kufa, Bibi alikuwa akija kusugua kwenye ule ukuta wetu wa pamoja, akitafuta. Unakumbuka alipofariki tulichoma nguo zake pale njia panda ili azikute huko aendako, na kwamba nguo za kwenda huko hazipaswi kuwa na chuma. Bi Xing ndiye aliyeshika mkasi, kwa kuwa Mama hakuweza. Alikata vifungo, akakata kulabu, na kwenye bitana ya ubavu wa kushoto akakuta kitu kigumu kimeshonewa, upande wenye rangi nje, mgongo kwenye mwili. Akakikata na kitambaa chake, akakitia mfukoni, akatukabidhi koti tukalichoma. Tulimpelekea Bibi kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikivalia koti lenyewe.

Nikamuuliza ni ya nani, ingawa nilijua. Akasema ni ya babu yenu, Shang Dekui. Ililetwa na mtu wa mkono mmoja aliyepigana naye kusini, akasema Dekui alifia mtoni akiwavusha majeruhi. Bibi aliipokea mlangoni, akampa yule mtu uji wa mahindi, akamsindikiza, akarudi akaishona.

Nikamwambia, Bi Xing, sisi tumekua tukiambiwa babu yetu alikuwa mtoro. Alitupa bunduki akakimbia. Shule nzima ilimwimbia Baba wimbo huo. Hata jiwe la kaburi la Bibi lina upande mtupu kwa sababu Baba alimkataza mchongaji, akasema hataki jina la mwoga lilale karibu na mama yake. Ni nani aliyeanzisha maneno yale?

Bi Xing alicheka kidogo, kile kicheko cha watu walioishi sana. Akasema neno hilo yeye alilisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa Bibi mwenyewe, pale bombani, foleni nzima ikisikia, muda mfupi baada ya serikali mpya, adui wa jeshi la babu, kuingia. Alimvuta Bibi pembeni akamuuliza ana wazimu gani wa kumchafua mumewe mbele ya watu. Na Bibi akamwambia, nayanukuu kama alivyonipa: "Mtoto wa mtoro atachekwa. Mtoto wa shujaa wa jeshi lile atachukuliwa. Acha wamcheke."

Hilo ndilo nililoogopa kulisema mezani kwenu. Bibi alimfanya mumewe mwoga ili Baba apate kukua. Akamwacha mwanawe amchukie baba yake, akalibeba hilo ubavuni, akiomba radhi kwa kidole kila siku mpaka namba ikafutika. Nilimuuliza Bi Xing kwa nini yeye hakumpa Baba nishani baadaye, hatari ilipokwisha kupita. Akasema alingoja siku nzuri, kisha Baba akahamia Chengdu. Akaongeza kwamba woga wake haukuwa na mazoea ya kusoma magazeti.

Nilimrudia Luan. Alikuwa amekwisha kuandaa chupa yake, na Geng amekuja na orodha zake, maana habari zilikuwa zimewafikia na safari hii hakuna aliyeniita Mhisani. Tindikali ingetupa namba, na namba ingetupa jina kwa maandishi, jambo ambalo Baba hawezi kulibishia. Nikaishika, ikiwa na joto lake. Nikaona kwamba ili kumpata babu kwenye orodha ni lazima nimfute Bibi. Nikairudisha mfukoni. Luan alifunga kizibo chake. Geng alinimiminia chai, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Dada, mimi si wa kuamua. Baba ndiye aliyechekwa, basi yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua kati ya namba na bonde lile. Kwenye kifurushi hiki kuna kizibao cha pamba cha buluu. Peizhen amekishona vizuri, lakini bitana ya ubavu wa kushoto nimeishona mimi, utaona kwa jinsi ilivyojikunja. Iko humo, rangi nje, mgongo kwenye mwili. Tangu nimalize kuishona, nyumba yetu imekuwa kimya na baridi, kile kiti hakijageuka tena, na Peizhen amenikamata mara kadhaa mezani nikisugua upindo wa shati kwa kidole gumba cha kushoto, mimi ambaye hata mlango siufungui kwa mkono huo.

Mchongaji nimekwisha kuongea naye. Anaweza kuujaza ule upande mtupu kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi, akipata neno la Baba.

Mpe kizibao kwanza. Mwambie ni zawadi yangu ya baridi, naye atalalamika kwamba kinabana. Akikuuliza ni kitu gani hiki kigumu ubavuni, usimjibu upesi. Tazama kwanza kidole chake kinafanya nini. Kisha mpe barua hii.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote huko. Peizhen anaomba ule unga wa pilipili, mimi naomba msimsikilize.

Mdogo wako akupendaye,
Shang Boru