Bangili za Zulekha mbele ya mtu wa kodi

Shoga, kaniambia Mwajabu, mkwe wa Zulekha wetu, asubuhi hii nikinunua mkaa.

Jana waliitwa ofisi ya kodi: Zulekha, mwanawe Ridhiwani na huyo Mwajabu. Ni habari ya lile shimo lao la kutafutia dhahabu kule Handeni. Wao wanasema halijatoa hata punje, kodi watalipa ya nini?

Kijana wa kodi akasema, "Kaka, mbona sonara wa Kariakoo amenunua dhahabu kwako? Kama ni ya shimoni, mmeficha mauzo, na faini yake itaondoka na shimo lenyewe."

Ridhiwani jasho linamtoka. Mwisho akasema, "Si ya shimoni. Zilikuwa bangili za mama. Nilinunulia dizeli ya pampu."

Bangili za mama! Na mama kakaa pembeni yake!

Zile za mahari, shoga, unazijua.

Kijana akamgeukia Zulekha. "Shikamoo mama. Ni kweli?"

"Marahaba. Kweli, baba. Nilimpa kwa mkono wangu."

Kwa mkono wake! Na hakuwa na habari kabisa, Mwajabu anaapa.

Wakaachiwa. Nyumbani Zulekha akavuta kopo la maziwa alimokuwa akificha bangili chini ya kitanda, akafungua. Tupu.

Ridhiwani akapiga magoti. "Mama, shimo likitoa nitakununulia nyingine."

"Shimo lako nimeshaliokoa. Nenda kalale."

Akalala kweli, tena akakoroma. Zulekha akabaki sakafuni na kopo mapajani, mpaka usingizi ukamchukua hapo hapo.